Sabini na Nane ya Mwalimu Kamugisha

Mwalimu wangu, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo. Wewe mwenyewe ulisema mtu anayeingia ofisini na shida zake mkononi kabla ya salamu atoke nje aanze upya, na mimi ulinitoa nje mara mbili nikiwa Kidato cha Tano. Kwa hiyo shikamoo. Ni Kabula wa Kiseke, yule Msukuma wako mwenye maneno mengi.

Naandika kwa wino wa bluu. Nyekundu ulisema ni ya kusahihishia tu, na kwamba anayekuandikia barua kwa wino mwekundu anakutafutia ubaya. Kalamu nyekundu ninayo hapa pembeni. Nitaihitaji kabla sijamaliza, utaona.

Ni karibu miaka mitatu sasa tangu tukupeleke kwenu Muleba tukakulaza kando ya migomba ya baba yako. Nilikuwepo. Nilisimama nyuma na walimu wenzangu, nimeshika shada la maua la shule, na wote walilia isipokuwa mimi. Mkeo, Mama Koku, alinishika mkono akaniambia mwanangu, lia, utapata nafuu. Sikulia. Nilikuwa bado nimekukasirikia, Mwalimu. Nimeshasema. Miaka kumi na mitatu mpaka mwaka huu nimekukasirikia, na miaka sita kati ya hiyo tulikaa meza zinazotazamana, tukamiminiana chai kutoka chupa moja, nikakuita Mwalimu kwa heshima zote. Hata siku ya kukuzika hasira yangu niliibeba kwenye pochi pamoja na leso. Ndiyo sababu ya barua hii.

Lakini ngoja kwanza nikupe habari za huku, maana najua ungeziuliza.

Daraja la pale Busisi limekwisha na magari yanapita. Ulikuwa ukisema siku likifunguliwa utalivuka kwa miguu umevaa suti, halafu utarudi kwa miguu tena kuhakikisha. Nimelivuka kwa niaba yako, ndani ya basi, na nilipokuwa bado nafikiria nikuambie nini tukawa tumeshafika ng'ambo. Kivuko chetu cha Kamanga bado kipo. Nakipanda kila asubuhi kama ulivyokuwa ukikipanda wewe, na nakaa upande ule wa kushoto uliokuwa ukiuita upande wa walimu, ingawa siku hizi wanaokaa pale ni mama wenye mabeseni ya nyanya na mimi peke yangu. Mama Koku amerudi Muleba moja kwa moja. Msimu wa senene alinitumia kopo la hao panzi wenu wa kukaanga, nami nikamtumia michembe yetu ya viazi vikavu, kwa hiyo ule mkataba wetu wa saa nne za chai bado unaendelea, ila sasa unapitia kwa kondakta wa basi. Niliwala wote safari hii. Miaka yote ile ulikuwa unanibembeleza nionje hata mmoja, nikawa nakuambia sisi Wasukuma hatuli vitu vyenye macho. Ni vitamu. Nakubali nimeshindwa.

Na mimi ndiye mwalimu wa taaluma sasa. Usicheke. Meza yako nimepewa, kiti chako nimepewa, na lile kabati la chuma lisilofunguka mpaka ulipige teke kwenye mguu wa kulia nalo ni langu. Ufunguo ulinipa mwenyewe ukiwa umelala kitandani kwako, hapo Kiseke mlikokuwa mkiishi, sauti imebaki kidogo, ukaniambia, "Karatasi zangu usizichome." Nilijibu sawa Mwalimu. Moyoni nilisema huyu mzee anakufa na ubahili wake wa karatasi.

Unakumbuka mwaka niliofika shuleni? Nilitoka mjini na sanduku la bati, nimechaguliwa PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, kwenye shule hii ya Kamanga ambayo nyumbani hakuna aliyewahi kuisikia. Shangazi yangu aliniuliza kama ni shule au ni kituo cha kuuzia samaki. Bwenini nilipokelewa na dada mmoja wa Kidato cha Sita, na kabla hata sijatandika kitanda akaniambia habari zako. Kwa Kamugisha usitegemee kuvuka sabini na tatu, alisema. Hatoi. Hata uandike jibu kama lilivyo kitabuni hatoi. Nikamuuliza kwa nini, akasema ndivyo alivyo.

Na kweli ndivyo ulivyokuwa. Ulikuwa unafundisha fizikia, lakini kwa kuwa ulikuwa mwalimu wa taaluma kila karatasi ya mtihani wa muhula ilipita mikononi mwako kabla alama haijaingia kwenye lile daftari kubwa, na mwalimu aliyegawa alama kama pipi alirudishiwa karatasi zake asahihishe upya. Sisi tulikutania kwamba wewe ni Mhaya uliyeharibika. Wahaya tuliowajua sisi mjini walijisifu hata kwa digrii ya shemeji yao, na wewe ulikuwa na digrii mbili ambazo tulizijua tu siku mgeni alipozitaja kwenye mahafali. Uliinamisha kichwa kama mtu aliyeumbuliwa. Ukitakiwa kumsifu mwanafunzi mbele za watu ulikuwa na jibu moja, tuliliiga mpaka mabwenini. "Mwalimu si mpiga debe." Halafu unavuta suruali juu kidogo, unaondoka.

Nakumbuka zaidi ile siku ya kufunga muhula, nikiwa bado Kidato cha Tano. Tulipanda kivuko pamoja kurudi mjini, wewe na bunda lako la karatasi za fizikia, mimi na sanduku langu la bati. Ukakaa unasahihisha. Upepo wa ziwa ukaja, karatasi moja ikachomoka mapajani mwako, ikapaa juu ya vichwa vya watu na kutua majini. Niliuona mwandiko. Ilikuwa yangu. Nilitaka kulia, abiria wakacheka, na wewe ulisimama ukaitazama ile karatasi mpaka ikazama.

Muhula ulipofunguliwa uliingia darasani, ukaacha chaki mezani, ukasema mbele ya darasa zima kwamba umepoteza karatasi ya Kabula kwa uzembe wako na kwamba unamwomba Kabula radhi. Mwalimu wa Kidato cha Sita, mwenye mvi, anamwomba radhi mtoto. Kisha ukanitungia mtihani mpya, ukakaa nami maabara jioni nzima nikiufanya, na uliponirudishia nilikuwa nimepata sabini na moja. Nilikupenda tangu siku ile. Nikajiambia huyu akikosea anasema.

Ndiyo maana iliuma hivyo baadaye.

Tulipofika Kidato cha Sita ilikuja habari ya kile chuo cha nje, kinachochukua watoto wachache mno kutoka nchi nzima na kuwasomesha mpaka mwisho. Fomu zao zinataka kujazwa mapema, matokeo ya taifa yakiwa bado, kwa hiyo wanachokitazama ni alama za mtoto za shuleni, barua ya mwalimu wake, na ukurasa mmoja wa wasifu wa shule. Muhula ule nilikuwa nimepata wastani wa sabini na nane. Nilitembea na hiyo sabini na nane kama mtu aliyevaa viatu vipya. Wewe ulijaza sehemu yako, ukafunga bahasha, ukaipeleka posta mwenyewe.

Walinikataa. Walimchukua Janeth, binti niliyefahamiana naye kwenye mashindano ya sayansi ya mkoa, kutoka ile shule ya mjini yenye basi lake na lango la kutelezesha. Janeth alikuwa rafiki yangu na alistahili, sikatai. Lakini kwenye mashindano yale nilimshinda, na wastani wake ulikuwa sabini na tano. Aliniambia mwenyewe.

Sikuelewa. Mama mmoja wa chuo kile, mmoja wa wanaochagua, alipokuja mjini kukutana na waliochaguliwa, nilimfuata ukumbini, nikasubiri mpaka watu wakaisha, nikamuuliza. Hukuwahi kujua hili, sikukuambia. Hakunifukuza. Alivua miwani akanijibu taratibu, na maneno yake bado ninayo. "Shule ya Janeth tunaijua. Kila mwaka wanatuletea watoto, tunajua sabini na tano ya pale ina uzito gani. Ya kwenu hatujui. Inaweza kuwa ya mtoto wa kwanza, inaweza kuwa ya mtoto wa kati. Hakuna aliyetuambia."

Hakuna aliyetuambia. Nilirudi nayo nyumbani hiyo.

Siku nilipokuja shuleni kuchukua cheti karani alinipa faili langu nisaini, na ndani yake nikaona nakala ya ulichoandika. Kwenye wasifu wa shule ulijaza jina, sanduku la posta na idadi ya wanafunzi, sehemu iliyobaki ukapiga mstari. Barua yako kunihusu ilikuwa na mistari mitatu. Kabula ni mtiifu. Ni msafi na anafika darasani kwa wakati. Hana kosa lolote la nidhamu. Mwalimu, fagio jipya nalo lingeweza kuandikiwa barua ile.

Nilisaini, nikatoka, sikupita ofisini kwako kukuaga.

Nilisoma chuo cha hapahapa nchini, nikawa mwalimu wa fizikia, na mambo ya serikali yanavyokwenda nikapangiwa kituo cha kazi, barua naifungua nakuta ni kwako. Ulinipokea getini. Ulinipa meza ya dirishani, ukanipa Kidato cha Sita mwaka wa kwanza tu, walimu wa siku nyingi wakanuna. Ulinifundisha kusahihisha. Ulikuwa unanisogezea karatasi unaniuliza, "Kabula, hii ni ngapi?" nami nikitaja namba unaiandika hivyohivyo. Miaka sita. Nilidhani ni uzee unakulainisha. Na mara kadhaa, nakumbuka sasa, ulifungua mdomo kama unataka kuanza jambo, kisha ukaniuliza kama chai ina sukari.

Sasa nikueleze kilichotokea mwaka huu.

Unamkumbuka mama Nyamizi, mpishi wetu wa makande, yule anayeimba kwaya huku anakoroga. Binti yake Nyamizi ulimwacha Kidato cha Tatu. Ndiye aliyekuwa anasomea kwenye stoo ya mahindi kwa sababu ya kivuli. Alifaulu, akabaki hapahapa kwa PCM, na sasa ni mtoto ambaye ukimpa swali analikalia kimya mpaka unadhani amelala, halafu anakuletea njia ambayo wewe hukuiona. Wastani wake ni sabini na sita. Sisi bado tunapima kwa rula yako, Mwalimu, hakuna aliyethubutu kuigusa, na wanafunzi wa siku hizi wanaambizana bwenini kwamba hapa hakuna anayevuka sabini na nane.

Kile chuo bado kipo, na fomu ni zilezile. Nyamizi alikuja nazo ofisini kwangu amezikunja kwenye daftari, akasema, shikamoo Mwalimu, naomba nijaribu.

Nilikaa kuandika barua yake nikiwa na uhakika kwamba mimi siyo wewe. Nikaandika kwa haraka, nikaisoma. Nyamizi ni binti mwenye adabu. Anafika kwa wakati. Hajawahi kuwa na kesi ya nidhamu. Niliiangalia ile karatasi, nikaanza kucheka peke yangu mpaka mwalimu wa kemia akachungulia. Mkono wangu uliandika barua yako yenyewe. Hata mpangilio ulikuwa wa kwako. Na nilipojaribu kuongeza kwamba mtoto huyu ana akili kuliko sisi tunaomfundisha, niliona aibu, kweli kabisa, masikio yakapata moto, kana kwamba nimesimama sokoni kunadi mtoto wa mwenzangu. Ndipo nilipoanza kukuelewa kidogo. Kidogo tu.

Mkuu wetu wa shule ni kijana, mzuri wa roho, hujamkuta. Nilimpelekea suala hilo, nikamweleza kwamba huko tunakompeleka mtoto hawatujui na sabini na sita itaonekana ya kawaida. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwalimu Kabula, weka themanini na tisa. Nani atatoka huko aje Kamanga kuuliza?" Hakusema kwa ubaya. Anampenda yule mtoto, na mama yake anatulisha sote. Akasema shule nyingine zinafanya, sisi tutakaa na uaminifu wetu huku mtoto anaachwa.

Sitakudanganya. Niliandika themanini na tisa. Niliiandika kwa penseli, kwenye fomu, katika kile chumba chako, na ilipendeza. Nilijiona nikituma fomu miaka kumi na mitatu nyuma nikiwa na themanini na tisa yangu. Nilijiambia, Kamugisha alinyamaza, mimi ninasema. Lakini kulikuwa na kitu kinanisumbua. Nyamizi angekuwa mtoto wa kwanza kutoka kwetu. Chochote watakachokijua kuhusu shule hii wangekijulia kwake, na mwakani ningemwandikia mwingine mwenye sabini na nne ya haki, ningewaambia nini? Jina letu lingekuwa limeanza na uongo wangu. Nikafuta. Nikabaki na karatasi chafu na sina la kuandika.

Jumamosi asubuhi nilirudi shuleni, nikalipiga teke kabati lako.

Nilitaka kitu kimoja tu, zile daftari kubwa za alama, ili niwaonyeshe wale watu kwamba shuleni kwetu sabini na sita siyo ya mtoto wa kati. Zote zipo. Umezipanga kwa mwaka, umezivika magazeti ya zamani, panya hawajagusa. Nikaanza mwaka wako wa kwanza pale shuleni, natafuta wa kwanza wa kila darasa na kuandika pembeni. Sitini na tisa. Sabini na moja. Sitini na sita. Sabini na tatu. Nilisubiri nione wale wengine wa sabini na nane, maana siku zote niliamini kila miaka miwili mitatu anatokea mmoja, na kwamba sabini na nane ni dari uliyoijenga wewe. Sabini. Sabini na mbili. Nikafika mwaka wangu, nikaikuta, imeandikwa kwa wino mweusi mbele ya jina langu. Nikaendelea. Sabini na moja, sitini na nane, sabini na tano, mpaka daftari la mwisho lenye mwandiko wako unaotetemeka.

Ipo moja tu, Mwalimu.

Haikuwahi kuwepo dari. Yule dada wa bwenini alisema hakuna anayevuka sabini na tatu kwa sababu hakuna aliyekuwa amevuka. Wa leo wanasema sabini na nane kwa sababu yangu. Hukuwa unabania kitu. Ulikuwa unaandika kile ulichokiona, na miaka yote ile ulimwona mmoja, na yeye alikaa mbele yako miaka sita akidhani ulimwona wa kawaida.

Na ndani ya daftari lile, kwenye ukurasa wangu, kulikuwa na bahasha.

Uliandika kwa Kiingereza chako cha fizikia, na nakala ilikuwa ya karatasi ya kaboni. Naiweka hapa kwa Kiswahili, kwa sababu nataka kuisikia kwa sauti yako.

"Ndugu, nimepata habari kwamba binti Kabula hakuchaguliwa. Naomba muda wenu. Alama niliyompa ni kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika tangu nianze kazi hapa, na sikuwaambia. Sikuwaambia kwa sababu nilikotoka mtu hamsifu mtoto aliyemfundisha mwenyewe mbele ya wageni, ni sawa na kujisifu. Nilidhani namba itajisemea. Sasa naona kwamba namba kutoka shule isiyojulikana haisemi kitu mpaka mtu aisemee. Kosa hili ni la mwalimu, si la mwanafunzi. Naomba fomu yake isomwe upya."

Stakabadhi ya posta umeibana na pini, barua ya rejista, kwa hiyo ilikwenda. Jibu lao nalo lipo chini yake. Mistari miwili. Wanashukuru kwa barua na nafasi zimejaa.

Hapo ndipo nililia, Mwalimu. Kilio cha Muleba kilichobaki. Nilikaa sakafuni kati ya daftari zako nikalia mpaka mama Nyamizi, aliyekuwa amekuja kuchagua maharage ya Jumatatu, akaja kuniuliza kama kuna msiba kwetu. Nikamwambia ndiyo, upo, ila ni wa zamani.

Nimejiuliza sana kwa nini hukuniambia. Karatasi ya ziwani uliisema mbele ya darasa zima. Nafikiri nimepata jibu, na kama siyo utanisamehe. Ile ya ziwani ulikuwa na mtihani mwingine wa kunipa. Hii hukuwa na kingine cha kunipa, na ukaona kuniomba radhi mikono mitupu ni kunitonesha tu. Ungeniambia, Mwalimu. Ningefoka, unanijua, ningesema maneno ya wiki nzima. Kisha ningekumiminia chai. Miaka sita tungekuwa tumekunywa chai nzuri zaidi.

Jumatatu nilimpelekea mkuu wa shule ukurasa mmoja. Niliandika shule yetu iko wapi, ina mabweni mawili na maabara moja inayovuja kona ya mashariki. Niliandika kwamba alama hapa zilipimwa na mtu mmoja kwa miaka mingi, kwamba hakuwapendelea watoto wala kuwaonea, na kwamba sisi waliobaki tunapima kama yeye. Chini nikapanga alama ya mtoto wa kwanza wa kila mwaka, zote, kutoka daftari lako. Nikasema sabini na sita ya Nyamizi ni ya pili tangu tuanze. Barua yako nikaiambatisha, na nikaeleza binti anayetajwa humo ni nani na sasa anafanya kazi gani. Kisha nikaandika barua ya Nyamizi ukurasa mzima. Ile stoo ya mahindi, ule ukimya wake, njia aliyoniletea ambayo sikuwa nimeiona. Masikio yalipata moto tena, nikayaacha yawake. Mkuu alisoma, akasaini. Niliipeleka posta ile uliyoipeleka wewe, ingawa wangeipokea hata kwa kompyuta. Nilituma kwa njia zote mbili.

Jibu lilikuja wiki iliyopita. Amepata.

Nyamizi alinionyesha simu, na tukaenda jikoni. Mama yake alikuwa na mwiko mkononi. Aliusoma uso wa binti yake, akaweka mwiko chini, akakaa juu ya gunia. Makande ya siku ile yaliungua, shule nzima ikala yaliyoungua, na hakuna aliyelalamika.

Pamoja na barua ya Nyamizi walileta ujumbe mfupi kwa mwalimu wa taaluma. Wanashukuru kwa ukurasa wa alama. Wanasema sasa wanajua namna ya kuisoma shule yetu, na kama mwakani tutakuwa na mtoto tumlete. Niliusoma mara nyingi. Halafu nikaurudisha ndani ya daftari lako, kwenye ukurasa wangu, nikaubana kwa pini ileile juu ya mistari yao miwili ya zamani.

Sasa kalamu nyekundu.

Nimeichukua ile nakala yako ya kaboni nikaisahihisha, kama ulivyonifundisha, bila huruma na bila chuki. Kuna koma umeisahau. Kuna sentensi moja ndefu ambayo ungemrudishia mwanafunzi aikate. Na imechelewa kufika, hiyo nimekukata alama nyingi, unajua kwa nini. Nimejumlisha mara mbili kuhakikisha, halafu nikaandika juu kulia, nikazungushia duara.

Nakuahidi karatasi zako hazitachomwa. Nakuahidi kila mtoto atakayepita mezani kwako nitamsemea, kwa namba yake ya haki na kwa ukurasa mzima, hata masikio yakiungua. Na msimu wa senene ukirudi nitakuja Muleba mwenyewe, na ile karatasi nitakuja nayo niiweke mahali pako kwa dakika chache uione, kisha nitairudisha kabatini. Safari hii nitasimama mbele.

Pumzika, Mwalimu. Umepata sabini na tisa. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kufika hapo.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Kabula.